Godoro Zito

Mtaa mzima ulimwita Bi Sufi, na jina hilo hakulipata kwa uchaji. Alilipata kwa sababu hapakuwa na saa ya mchana ambayo hakuwa na sufi mwilini. Ilimkaa kwenye kope, ikajificha kwenye mikunjo ya mtandio, ikaelea hata kwenye chai yake kama wingu lililopotea njia. Mumewe, Maalim, aliyekuwa akisomesha watoto Kurani katika vyumba viwili nyuma ya msikiti, hakuchoka kumtania.

"Wenzako wanautafuta usufi kwa kufunga na kukesha," alikuwa akisema. "Wewe mke wangu umeupata kwa kushona magodoro."

Karakana ya Bi Sufi ilikuwa chumba kirefu chenye madirisha mawili ya upande wa barabara. Humo alipasua magodoro yaliyochoka, akatoa sufi iliyogandamana, akaichambua kwa vidole hadi ikarudi kuwa nyepesi, akaianika, akaijaza upya ndani ya kitambaa cha mistari na kuifunga kwa shazia, ile sindano ndefu inayoweza kutoboa godoro kutoka upande huu ikatokea upande wa pili. Jua la alasiri likiingia, chumba kilionekana kama kimezama chini ya maji. Nyuzi nyeupe zilipanda, zikasita, zikashuka polepole, na mtu aliyeingia kutoka nje alijikuta anapunguza sauti bila kuambiwa.

Baada ya chakula cha mchana Bi Sufi alikuwa na kawaida ya kujinyoosha kidogo juu ya godoro lolote lililokuwa tayari. Usingizi wa chumba kile ulikuwa wa aina yake. Sauti za nje ziliingia ndotoni bila kubisha hodi, na ndoto nazo zilitoka bila kuaga, hata akizinduka hakuwa na hakika lipi alilisikia na lipi aliliota.

Ndivyo alivyoyasikia mabishano ya mwaka ule, nusu yupo nusu hayupo.

Wabishi walikuwa wawili. Mmoja ni Maalim. Wa pili ni mdogo wake Bi Sufi wa tumbo moja, ambaye wote walimwita Kitinda kwa kuwa ndiye aliyelifunga tumbo la mama yao. Mama alipofariki Kitinda alikuwa bado anatambaa, na Bi Sufi ndiye aliyembeba mgongoni, akamkuza, akamtafutia kazi alipokua. Sasa alikuwa mwanamume wa miaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma, na karakana yake ilitazamana na ya dada yake ng'ambo ya barabara. Mchana alikuja kula kwao. Alikula haraka, akabisha taratibu.

Jambo lililowagonganisha lilikuwa hili. Mwenyekiti wa zamani wa kamati ya msikiti alikuwa amezeeka, kaomba apumzike. Waumini wakaafikiana kwamba safari hii kamati haitateuliwa na watu wachache waliojifungia mlango. Itapigiwa kura. Na kwa kuwa nchi yenyewe ilikuwa inaelekea kwenye uchaguzi wake, maneno ya kura yalikuwa kila kona, kwenye redio, kwenye kuta, kwenye midomo ya watu waliosimama kungoja maji. Maalim, ambaye kila mtu alijua anautaka uenyekiti japo mwenyewe alisema anasukumwa tu, alimwomba shemeji yake atengeneze sanduku la bati lenye tundu juu.

"Sitengenezi," Kitinda alisema.

"Una kazi nyingi?"

"Sina kazi hata moja. Sitengenezi kwa sababu hilo si sanduku, Shemeji, ni sanamu. Hukumu ni ya Mungu peke yake. Nyie mnataka kuihesabu kwa vikaratasi."

Maalim aliweka kijiko chini. "Tunachagua mtu wa kusimamia paa linalovuja na taa zilizoungua. Hukumu ya Mungu imeingilia wapi?"

"Inaanzia hapo. Leo paa, kesho sheria."

"Wacha nikukumbushe basi. Mtume mwenyewe alishauriana na wenzake, na mara nyingine akaifuata rai yao akaiacha yake. Aya ya mashauriano unaijua, nimekufundisha mwenyewe ukiwa huna meno ya mbele. Na hao wanaosema hukumu ni ya Mungu peke yake, halafu wakaishika wao mkononi, si wageni. Aliyemuua khalifa wa nne alitoka kwa watu waliosema hivyo hivyo."

"Na waliochagua kwa kura wakashinda kwa haki, halafu wakatolewa kwa bunduki, hao utawaambia nini? Nchi ngapi? Watu wetu wanapanga foleni juani, wanashinda, halafu wanafungwa. Shura, shura, hayo mashauriano yenu! Huo ni mchezo ambao tukishinda mpira unachukuliwa."

Hapo Maalim alisukuma sahani yake kando, maana hoja ile ilikuwa na uzito. Bi Sufi, aliyekuwa ameshafumba macho, aliota watu wawili wanavuta shuka moja, huyu huku na yule kule, na shuka lenyewe ni uso wa mtu. Alipofumbua macho walikuwa wameshaondoka, sahani zimebaki, na hewani mlikuwa na harufu isiyokuwa ya sufi wala ya chakula.

Harufu ile aliijua. Ilikuwa ya dukani kwa muuza manukato.

Muuza manukato alikuwa amehamia mtaani muda si mrefu. Alikuwa mtu wa makamo, msafi, mpole kupita kiasi, mwenye vichupa vidogo vya rangi ya asali vilivyopangwa hadi darini. Hakuna aliyewahi kumsikia akipandisha sauti. Ukiingia kununua, alikupaka tone moja mgongoni mwa mkono, akakuuliza habari za watoto, na ulipotoka ulikuwa umebeba maneno yake kama ulivyobeba harufu, bila kujua ni lini yamekuingia. Vijana walianza kukaa kwake jioni. Aliwaambia kwamba anayepiga kura ameshatoka katika dini, na kwamba kwa aliyetoka katika dini damu yake haina bei. Alilisema hilo la mwisho kwa upole uleule, kama mtu anayetaja bei ya mafuta ya waridi.

Siku zile Kitinda alinukia harufu ile kuanzia ukosi hadi viganja. Hata moshi wa vyuma haukuweza kuiondoa.

Basi ikawa siku moja ya mawingu, Kitinda akaja na kijana mwingine asiyetoa salamu, wamebeba godoro lililokunjwa na kufungwa kamba. Walilishusha kwenye kona kwa shida, kijana akaondoka zake.

"La mtu anayesafiri," Kitinda alisema bila kumtazama dada yake. "Atalifuata. Usilifungue, Dada."

"Nani kalishona hivi? Mishono kama ya mtu anayekimbizwa!"

"Usilifungue tu."

"Nilifungue kwa kipi, mimi nina ya kwangu hayajaisha." Akarudi kwenye kazi yake. Kitinda alisimama mlangoni muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapangusa viatu ambavyo havikuwa na tope, akavuka barabara.

Kesho yake mvua ilinyesha tangu asubuhi. Baada ya chakula Bi Sufi alitafuta pa kujinyoosha, na magodoro yaliyokuwa tayari alikuwa ameyapandisha juu yasilowe, kwa hiyo bila kufikiri akafungua kamba ya lile la kona, akalitandaza, akalala. Mvua ilipiga bati kwa mdundo mmoja. Aliota amelala chini ya mto, juu ya mifupa ya mnyama mkubwa, na mnyama yule hakuwa amekufa bali anangoja. Juu yake maji yalipita na watu walipita ndani ya maji, jirani zake wote, kila mmoja ameshika karatasi nyeupe iliyokunjwa. Alitaka kuwaambia wasikanyage pale. Mdomo ulijaa sufi.

Aliamka ubavu unamuuma.

Kwanza alicheka mwenyewe kwa ndoto ile. Kisha akabonyeza godoro kwa kiganja, na godoro halikubonyea. Akabonyeza pembeni. Kuna kigumu, kirefu, na sambamba na hicho kingine, na kingine. Mikono iliyoshika magodoro maisha yake yote haikuhitaji kuambiwa zaidi. Alichukua wembe akakata ule mshono wa mtu anayekimbizwa.

Ndani ya sufi mlikuwa na vipande vya bomba la chuma, vimekatwa sawasawa, kila kimoja kimezibwa upande mmoja. Mahali palipozibwa chuma kilikuwa kimeyeyuka na kuganda kwa vijimawimbi vidogo vilivyolaliana vizuri kama magamba ya samaki. Hapakuwa na mtu mwingine mjini aliyechomelea hivyo. Vitanda vya nyumba yake, mlango wake, hata kaburi la mama yao lenye uzio mfupi, vyote vilikuwa na magamba yale.

Alikaa chini. Miezi michache nyuma vyuma kama hivi vilikuwa vimelipuka kwenye stendi ya mji mwingine, na televisheni ilionyesha viatu, viatu vingi, kila kimoja peke yake. Nje mvua ilikuwa imepungua. Ndani sufi aliyoitoa ilianza kupanda hewani, taratibu, haina habari na lolote.

Alivuka barabara na kumwita mdogo wake kwa jina alilomwita alipokuwa mtoto.

Kitinda alipoingia na kuona mshono uliofunguliwa, hakukimbia. Bi Sufi alirudisha sufi juu ya vile vyuma, akalinyoosha lile godoro kwa mikono yote miwili kama anayemtandikia mgeni.

"Lala," alisema.

"Dada..."

"Nimesema lala. Nimelala mimi, na wewe lala."

Akalala chali. Mtu mzima mwenye ndevu, viatu vimening'inia nje, macho yanatazama dari.

"Unasikia nini mgongoni?"

"Waliniambia ni mabomba ya pampu ya kisima," Kitinda alisema.

"Ukaamini?"

"Nilitaka kuamini." "Halafu juzi wakaniambia niyatie kwenye godoro. Nani anatia pampu kwenye godoro? Hapo nikajua. Nikasema yapelekwe kwako."

"Kwa nini kwangu? Nyumba zote hizi!"

"Sijui. Labda nilitaka uyaone." Machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, hakuyafuta. "Lakini, Dada, usidhani hoja zao nimezijibu. Sijazijibu. Kura zinaibwa. Wanaoshinda wanafungwa. Ninapomsikiliza Shemeji naona anasoma aya nzuri kwenye nyumba inayoungua. Nikimsikiliza yule bwana wa manukato, kila kitu kinanyooka, kama kipimo. Mpaka kufika kwenye haya. Hapa ndipo panapopinda. Na sijui pamepindia wapi."

Bi Sufi alikaa kwenye ukingo wa godoro karibu na kichwa chake. Alimtoa nyuzi za sufi kwenye nywele, moja moja, kama zamani alipokuwa akimtafuta chawa.

"Mimi siwezi kukujibia hoja," alisema. "Na sijui nani atakujibia. Ila hicho kilicho chini ya mgongo wako kikitoka hapa, kitaishia mwilini mwa mtu. Labda mwanamke anayeuza vocha. Labda mtu aliyekwenda kumsindikiza mama yake. Hao nao watajibiwa hoja lini?"

"Kupiga kura siwezi. Moyo haukubali."

"Nani kakulazimisha? Kaa na kura yako usiyoipiga mpaka kiama, mimi nitakupikia hivyo hivyo. Nizungumzie mabomba."

Alasiri ile walivuka barabara na vile vyuma vimefungwa ndani ya shuka. Kitinda alivaa miwani yake, akawasha mashine ya kukatia, akavipasua kimoja kimoja kwa urefu wake hadi vikafunguka kama maganda ya maharage, kisha akavipiga nyundo vikalala bapa. Cheche zilijaa karakana. Bi Sufi alisimama mlangoni, na kwa jinsi macho yake yalivyozoea, aliziona kama sufi iliyoshika moto, inaruka na kuzimika kabla ya kugusa chini. Alipofumba macho bado ziliendelea.

Maalim alipoelezwa, rangi ilimtoka. Alikaa, akasimama, akakaa tena.

"Tuwaite polisi," alisema.

"Polisi watakamata kila mwenye ndevu, wamwache mwenye vichupa," alisema Kitinda. "Ijumaa kuna mjadala wa kura msikitini. Yeye atakuwepo na watu watakuwepo. Nitasema mbele yao, na yeye asikie. Baada ya hapo waje wanaotaka kuja."

"Watakuumiza, shemeji yangu."

"Inawezekana."

Mjadala ulifanyika uani msikitini baada ya sala ya alasiri. Wanawake waliketi nyuma ya pazia jeupe, na jua lilikuwa limeinama upande wa wanaume, kwa hiyo kila aliyesimama mbele alitokea kwenye pazia kama kivuli kirefu chenye mikono mirefu kuliko ya kweli. Bi Sufi alikaa mstari wa kwanza. Usiku wa kuamkia siku ile hakuwa amepata usingizi, na sasa joto na ukimya vilimvuta, hata vivuli vikawa vinasogea mbele yake kama samaki ndani ya maziwa.

Kivuli cha kwanza kilikuwa cha muuza manukato. Alisema polepole. Alitaja nchi ambazo watu wa dini walishinda wakapinduliwa, na hakuongeza chumvi, maana haikuhitajika. Alisema mikono ya watu ikishafanywa kuwa chanzo cha sheria, kesho watu hao hao watapiga kura kuhalalisha kila kitu. Kulikuwa na walioitikia kwa vichwa.

Kivuli cha pili kilikuwa cha Maalim, na siku ile alisema vizuri kuliko siku zote. Alisema mtawala anayeogopa watu wake hupunguza dhuluma, na anayedai kumwogopa Mungu tu, huku hakuna awezaye kumwuliza kitu, historia ya Waislamu wenyewe imejaa habari zake. Alisema anayeiba kura ni mwizi, na dawa ya mwizi si kuchoma soko. Mkewe aliisikia sauti ile nyuma ya pazia akajisikia kama siku alipoposwa.

Ndipo likamjia swali. Hakulipanga. Alisikia tu sauti inatoka, akatambua kuwa ni yake.

"Maalim, hayo mashauriano unayoyasema, sisi wa huku nyuma ya pazia tumo?"

Kivuli cha Maalim kilishusha mikono.

"Hilo..." alisema. "Hilo ni jambo la kuzungumzwa. Kwa wakati wake."

Muuza manukato alicheka kidogo, cheko la mtu aliyeletewa zawadi. Bi Sufi aliinamisha kichwa. Aibu ilimpanda, si yake, ya mumewe, na hiyo ndiyo nzito zaidi kuibeba.

"Dada yangu ameuliza na hakujibiwa," sauti nyingine ilisema. Kivuli kipana kilikuwa kimesimama katikati ya wengine. "Mimi sina jibu. Mimi ni fundi tu, na mnajua kuwa hizo kura zenu siziamini. Bado siziamini. Lakini nina neno." Kitinda akavuta pumzi. "Bwana huyu aliniletea mabomba niyakate na kuyaziba. Nikayaziba kwa mkono wangu. Yalikuwa ya kuua watu. Nimeyaharibu. Yeyote anayetaka kuyaona, yako chini ya meza yangu."

"Kijana wetu ana homa," muuza manukato alisema kwa upole. "Mwombeeni."

Kilichofuata Bi Sufi alikiona kwenye pazia tu, bila sauti, au sauti ilikuwepo na masikio yake yalikataa. Kivuli kimoja kiliinua kiti. Kivuli kingine, kikubwa kuliko vyote, kilijitupa juu ya Kitinda na kumfunika kama mtu anayezima moto kwa blanketi. Kiti kilishuka. Kikapanda, kikashuka tena. Kisha vivuli vyote vikaungana vikawa kimoja, na pazia likaanguka.

Jua lilimpiga machoni. Aliwaona wanaume wamewashika vijana wawili mikono nyuma. Kitinda alikuwa chini, damu inamtoka puani, na juu yake amelala yule mwashi wa mtaa, jitu lisilo na maneno, ambaye kazi yake ilikuwa kujenga kuta za watu na msikitini hukaa karibu na mlango. Bega lake lilikuwa limetoka mahali pake. Alikuwa akimwuliza Kitinda, kwa sauti ndogo ya kushangaza, kama hajaumia. Muuza manukato hakuonekana popote. Alikuwa ametoka wakati watu wanatazama kiti.

Hakuonekana tena. Wengine walisema alivuka mpaka, wengine kwamba yuko ndani mahali pasipojulikana. Duka lake lilibaki na kufuli, na kwa muda mrefu harufu iliendelea kutoka chini ya mlango, hasa mvua ikinyesha, watu wakipita upande wa pili wa barabara.

Polisi walikuja kweli, na wakamchukua Kitinda. Wakachukua na vyuma vilivyolala bapa. Bi Sufi alimaliza wiki zile kama anatembea ndani ya godoro. Alichambua, akajaza, akashona, na kila aliposikia chuma kinagongwa mahali alitoka mlangoni kutazama ng'ambo, akaona mlango uliofungwa. Maalim alipeleka chakula kituoni kila siku. Kama hawakumruhusu kuingia aliketi kwenye benchi la nje mpaka jua linakuchwa, na benchi lile lilimfanyia kazi ambayo vitabu havikuifanya.

Jioni moja alirudi, akasimama katikati ya karakana, nyuzi nyeupe zinamtua mabegani.

"Swali lako," alisema. "Jibu nililijua papo hapo. Mmo. Nilinyamaza kwa sababu nilihesabu wazee walioketi mbele yangu, nikaona watanikataa."

Bi Sufi aliendelea kushona. "Yaani uliogopa kukosa kura."

"Niliogopa kukosa kura."

"Mungu akusamehe. Mimi nitachelewa kidogo."

Ijumaa iliyofuata alisimama akalisema mbele ya hao hao wazee, na akawaambia hatagombea kama wanawake hawatapiga kura. Kulikuwa na kelele. Mzee mmoja alitoka na hakurudi hadi wiki ya pili. Lakini lilipita.

Kitinda walimwachia bila maelezo, kama walivyomchukua. Alirudi amekonda, mbavu zinamuuma, hanukii chochote. Alilala kwa dada yake siku nzima, na Bi Sufi alikaa karibu akimsikiliza anavyopumua, hana hamu ya kusikia kingine.

Siku ya uchaguzi wa kamati walitumia ndoo ya plastiki yenye kifuniko kilichotobolewa. Wanawake walijipanga na watoto migongoni. Bi Sufi alikunja karatasi yake, mkono unatetemeka kidogo, akaidondosha, na hakusikia ikifika chini. Kitinda alikuja, akaketi kwenye ngazi za nje, akakataa kuingia. Watu walimsalimia wakampita.

Kura zilipohesabiwa, mwenyekiti alikuwa mwashi. Hakuwa amehutubia hata mara moja. Jina lake liliandikwa na watu ambao hawakuwa wameulizana, na mwenyewe hakuwepo, alikuwa na ukuta wa kumalizia.

Maalim alitoka nje na uso ulioangukiwa na dari. Akaketi kwenye ngazi karibu na shemeji yake.

"Vipi, Shemeji?" Kitinda aliuliza. "Kura zimeibwa?"

"Hazikuibwa," Maalim alisema kwa taabu. "Nimezihesabu mara tatu."

"Sasa itakuwaje? Utashika silaha?"

Maalim alimgeukia kwa hasira, akaona macho yake, na kitu kikamponyoka kifuani. Alianza kucheka. Kitinda naye akacheka, cheko la kwanza tangu arudi, mpaka akashika mbavu zilizokuwa bado hazijapona. Bi Sufi, aliyekuwa anatoka mlangoni na viatu mkononi, alisimama akawatazama watu wake wawili na kujiuliza kama bado yuko macho.

"Wewe ulimpa nani?" Maalim alimuuliza njiani.

"Kura ni siri," Bi Sufi alisema.

Hawakwenda nyumbani moja kwa moja. Maalim alisema kuna jambo akiliacha hadi kesho hatalifanya tena. Walifuata barabara ya vumbi hadi kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa, na wakamkuta mwashi juu ya jukwaa la mbao, anapiga lipu kwa mkono mmoja, mwingine bado umefungwa kitambaa shingoni. Walipomwambia, alitikisa kichwa kama mtu aliyeitwa kwa makosa.

"Mimi sijui kusema mbele za watu, Maalim."

"Najua," Maalim alisema. "Mimi najua kusema, na ona."

Akanyoosha mkono. Mwashi alitazama kiganja chake kilichojaa saruji mbichi, akatafuta mahali pa kukifuta, akakosa. Maalim hakungoja. Alikishika hivyo hivyo, akakitikisa, na wakaanza kuzungumza habari za paa.